Pongezi kwa Mafundi wa Monthey

Nawapongeza Walter Bolliger na Claude Mabillard, wahandisi wa Uswisi walioanzisha kampuni yao mwaka 1988 katika mji mdogo wa Monthey. Leo Bolliger & Mabillard ni jina linalotajwa kwa heshima popote watu wanapopanda rolakosta, yale magari ya reli yanayopanda na kuporomoka katika viwanja vya burudani.

Kazi yao ninayoipenda kuliko zote ni Oblivion, iliyofunguliwa mwaka 1998 huko Alton Towers, Uingereza. Gari linafika ukingoni, linawainamisha abiria kuelekea shimo jeusi lililo ardhini, kisha linasimama. Sekunde chache tu. Hapo ndipo ufundi ulipo! Moyo huanza kuanguka kabla ya mwili. Breki inaachia, na gari linatumbukia kama jiwe kisimani, karibu wima kabisa, hadi mwendo wa takribani kilomita 110 kwa saa.

Tumbo hupanda kifuani kwa sababu kiti na abiria wanaanguka pamoja. Kiti hakimsukumi tena, naye anajiona hana uzito. Lakini kuangusha ni rahisi. Kazi ngumu ni kumpokea aangukaye: reli ijikunje kwa utaratibu kule chini, shingo na mgongo visiumie. Wengi husifu urefu wa mnara. Mimi nausifu mkunjo ule.

Ukijaliwa kufika Alton Towers, omba siti ya mbele, na usifumbe macho.