Uso Uliokatiwa Tiketi: Riwaya ya Carol Birch juu ya Julia Pastrana

Mwenye macho haambiwi tazama. Ndivyo walivyonena wahenga wetu. Lakini katika Uingereza ya zama za Malkia Victoria walikuwapo watu walioishi kwa kuwaambia wenye macho watazame, na kuwatoza fedha mlangoni. Ndani ya hema, au katika ukumbi wa kukodi, aliketi binadamu aliyeumbwa tofauti na wenziwe; nje alisimama mnadi akipaza sauti. Riwaya ya Carol Birch, Orphans of the Carnival, yaani Mayatima wa Kanivali, iliyotoka mwaka 2016, inamfuata mmoja wa hao waliotazamwa. Swali ninalolileta mbele ya msomaji ni hili: je, mwandishi amemtoa mwanamke huyu hemani, au amemkatia tiketi upya?

Julia Pastrana si mtu wa kubuni. Alizaliwa Sinaloa, Meksiko, mwaka 1834, uso na mwili vikiwa vimeota nywele nyingi, na ufizi wake ukiwa umevimba. Mwaka 1854 alipelekwa Marekani, na mwaka 1857 akaoneshwa London. Aliimba, alicheza dansi, na alizungumza Kihispania na Kiingereza. Hayo hayakuuza tiketi. Matangazo yalimnadi kuwa nusu mtu nusu mnyama, na daktari mmoja wa New York alimwandikia hati kwamba ni chotara wa binadamu na orangutani. Aliolewa na meneja wake, Theodore Lent. Machi 1860, mjini Moscow, alijifungua mtoto wa kiume aliyefanana naye. Mtoto hakumaliza siku mbili, na mama hakukawia kumfuata. Lent akaiuza miili yote miwili kwa profesa, ikatiwa dawa isioze; alipoona imehifadhika vyema, akaidai tena na kuizungusha katika maonesho. Kwetu sisi maiti haicheleweshwi. Julia alingoja miaka 153, hadi Februari 2013, ndipo akazikwa Sinaloa.

Riwaya za kigothi tumezizoea kwa majumba yenye giza na maiti wasiolala. Hapa mwandishi hakulazimika kubuni zimwi wala maiti asiyelala. Vyote alivikuta vimeandikwa katika tarikh. Uhodari wake umo katika kukataa kumfanya Lent kuwa zimwi la hadithi. Anamchora kuwa mtu wa kawaida, mwenye madeni na haya, ambaye pengine anampenda mkewe na hapo hapo anahesabu mapato ya usiku. Msomaji anamchukia, kisha anashituka kujikuta anamwelewa. Zimwi lingetuacha salama, mtu hatuachi.

Jambo lililonigusa zaidi ni shela. Julia hatoki nje ila amefunika uso. Sisi watu wa visiwani tunaijua nguo ya kujistiri, na tunajua kwamba mwenye kuivaa huihesabu kuwa ni heshima yake. Shela ya Julia ni kinyume chake. Ni kifuniko cha bidhaa: uso ukionwa bure njiani, nani atalipa mlangoni? Pazia moja, maana mbili. Na Birch anaiacha nguo hiyo iseme bila kutuhubiria.

Kasoro ipo. Sambamba na kisa cha Julia kunakwenda kisa cha Rose, mwanamke wa London wa mwaka 1983 anayekusanya vitu vilivyotupwa, akiwemo mwanasesere chakavu. Uzi unaofunga visa viwili hivyo sitaufichua. Lakini kila tunaporudishwa kwa Rose, moto unapungua. Vitu vilivyotupwa vinaweza kutufunza huruma, sikatai. Lakini mwanamke aliyefanywa kitu hastahili kufananishwa na vitu kwa muda mrefu kiasi hicho.

Mimi sikufunzwa fasihi darasani. Kiingereza changu nimekiokota vitabuni, kamusi mkononi. Kwa hiyo kitabu nikikipenda hujaribu kukifasiri, nikijue kwa vidole. Nilianza na kurasa chache za hiki, nikakwama katika neno walilowaita watu wa hemani. Niseme kioja? Kituko? Hapo nikaigeukia lugha yangu mwenyewe na kuona haya. Kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, kibiongo: wote tumewapanga ngeli moja na kiti na kisu. Hatukuhitaji hema wala mnadi, sarufi ilitutosha.

Lakini sikilizeni tunavyoendelea kusema. Hatusemi kipofu kimekuja. Twasema kipofu amekuja. Jina limemshusha, kitenzi kimemwinua. Na nilipokirudia kitabu kwa sikio hilo, nikauona ufundi wa Birch ulipo. Majina yote aliyopewa Julia na mabango ameyaacha kama yalivyokuwa, kwani kuyafuta kungekuwa kuisafisha historia. Ila vitenzi amemrudishia mwenyewe: Julia anaimba, anaogopa, anatumaini, anapenda, anauliza kama anapendwa. Kitu hakiulizi.

Basi nalirudia swali langu. Pale Julia alipo hai, jibu ni kwamba mwandishi amemtoa hemani, kwani tunatazama ukumbi kwa macho yake, na wanaoonekana wa ajabu ni wale waliolipa. Baada ya kifo chake, riwaya inapoifuata miili mikononi mwa Lent, jibu linatetereka: nafsi imekwisha kuondoka, na sisi bado tunafunua kurasa tuone miili hiyo itafanywa nini. Labda mwandishi alikusudia tulione hilo. Mimi nililiona, nikakifunga kitabu kwa muda kabla ya kukimaliza.

Tafsiri yangu ingali kurasa chache. Lakini neno nimelipata. Pale mabango yanaposema, nitaandika kioja, kwa herufi kubwa kama yalivyokuwa. Pale Julia anaposema, nitaandika mtu.