Mapenzi Kizimbani: Maoni ya Msomaji wa Riwaya za Mapenzi, Mpya na Zilizochapwa Upya

Katika semina zetu za fasihi kuna neno moja ambalo likishatamkwa tu, mjadala umekwisha. Neno lenyewe ni "pendwa". Riwaya ikiitwa pendwa, basi imehukumiwa: haina uzito, haina falsafa, ni ya kupitishia muda ndani ya basi la mkoani. Tena hata humo ndani ya pendwa kuna matabaka. Za upelelezi zinasamehewa kidogo, maana Musiba na Mtobwa siku hizi wanatajwa hata na maprofesa. Za mapenzi hazisamehewi. Ukionekana nayo bwenini utaulizwa, "Hivi na wewe unasoma hizi?" Ndugu msomaji, mimi nazisoma, tena kwa hamu. Katika makala haya nakusudia kuzitetea panapostahili, na kuzisema panapostahili kusemwa.

Hoja yangu ni hii. Waandishi wetu wakubwa hawakuyakwepa mapenzi. Waliyaandika sana, ila waliyaandika kama kesi. Mpenzi, hasa akiwa mwanamke, anapandishwa kizimbani, ushahidi unatolewa, hukumu inasomwa. Nasi wahakiki tunanakili hukumu ile na kuiita dhamira.

Tuanze na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na kuwahi kupigwa marufuku mashuleni kabla ya kurudi kwa heshima zote. Rosa anapata barua ya mvulana, na baba yake, Zakaria, anamchapa kwa ajili ya karatasi ile. Kuanzia hapo mapenzi kwake ni kitu cha hatari, na akishatoka nje ya ngome ya baba hajui pa kujishikia. Mwisho anajiua. Najua mtaniambia kwamba Kezilahabi anayashtaki malezi, hamshtaki binti. Ni kweli, na ndiyo sababu kitabu kinaishi mpaka leo. Lakini anayelipa kwa mkono wake mwenyewe ni binti. Je, ndani ya kurasa zile zote kuna siku hata moja ambapo Rosa anapenda na kupendwa kwa utulivu, bila mwandishi kuandaa adhabu pembeni? Mimi nimeitafuta, sikuipata ya kunitosha.

Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed (1972) inanivutia zaidi kwa upande huu. Mzee Mwinyi ana mali na anamtamani Bahati. Idi ana ujana, hana mali, naye anaiona tamaa ya mzee kuwa ni kisima cha kuchotea. Bahati yuko katikati na mapenzi yake ya dhati. Mwandishi anajua kabisa kwamba kupenda kwa dhati si ujinga, na Kiswahili chake kinapomfikia Bahati kinakuwa laini hata unasikia pumzi yake. Hata hivyo hesabu inatoka ileile: mwenye kiu ya mapenzi ndiye anayeachwa na koo kavu. Ukifika Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) unakuta Maimuna amefungiwa ndani na baba yake, Maksuudi, akitoka anaangukia ulevini na ukahabani, ndipo aje kuokoka baadaye. Mnaona mfuatano? Binti anafungiwa, anatoka, anaanguka. Waandishi watatu, pwani na bara, na njia ya mwanamke ni hiyo hiyo.

Hapa mtu atasema kwamba hivyo ndivyo jamii ilivyokuwa, na mwandishi ni kioo. Sikubali moja kwa moja. Jamii hiyohiyo ilikuwa na taarabu. Tangu enzi za Siti binti Saad mapenzi yaliimbwa kwa raha, kwa wivu, kwa mafumbo na kwa kejeli, na wanawake wakatunzana pesa ukumbini kwa sababu wimbo umewagusa. Kumbe lugha ya kuyasimulia mapenzi bila kuyafunga pingu tulikuwa nayo. Ila riwaya, kwa kuwa ilikulia mashuleni, ilichukua fimbo ya mwalimu na kuacha kipaza sauti cha mwimbaji.

Ndiyo maana Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi (1999) naiweka mahali pake peke yake. Yasmin, msichana mdogo wa Kihindi, anaozwa kwa Bwana Raza, mwanamume wa umri wa baba yake. Anaondoka. Jamaa zake wanamfungia mlango, anapokelewa Ng'ambo na Mwajuma, mwanamke wa starehe zake na moyo mweupe, na anampenda Denge, ambaye akili yake imo katika kupambana na Mwingereza. Darasani tunafundishwa kwamba Yasmin na Denge ni daraja la kutufikisha kwenye dhamira ya ukombozi. Mimi naona kinyume chake kinawezekana pia: ukombozi wa nchi unatusaidia kuuelewa ukombozi wa binti aliyesema hapana usiku wa ndoa yake haujachakaa. Anateseka, analia, anakosea, lakini mwandishi hamuui. Anamwacha aendelee kuchagua. Filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 ililitambua hilo ikaweka mapenzi mbele, siasa ikaingia kupitia humo, na waliokuwa hawajawahi kukishika kitabu wakaanza kukiulizia.

Mfadhili ya Hussein Tuwa (2007) ni ushahidi mwingine. Hii ni riwaya ya mapenzi waziwazi, na bado kwa miaka mingi ilikuwamo katika orodha ya vitabu teule vya kidato cha 5 na cha 6. Jipya lake ni kwamba anayeuguza jeraha la mapenzi ni mwanamume. Gaddi Bullah ameumizwa, anaogopa kupenda tena, na Dania anaingia katika maisha yake wakati mlango umeshakomewa. Tumezoea mwanamume wa riwaya zetu awe mtongozaji au mwoaji. Huyu analia, na kilio chake hakifanywi kichekesho. Kasoro ninayoiona ni kwamba wanawake waliomuumiza hawapewi nafasi ya kutosha kujieleza. Kizimba kipo palepale, ila wamebadilishwa washtakiwa. Halafu tazama tulivyoifundisha: "mapenzi ya kweli" ni nukta moja kati ya nukta kumi za dhamira, baada ya umaskini na kabla ya nafasi ya mwanamke. Kitabu kizima cha mapenzi, na mapenzi yamepewa mistari minne ya daftari!

Sasa wenzetu wa ng'ambo. Mills & Boon ilianzishwa London mwaka 1908, ikanunuliwa na Harlequin ya Kanada mwaka 1971, na vijitabu vyake vimezunguka katika mabweni ya wasichana Afrika Mashariki kwa miongo mingi, jalada likiwa limechanika na ukurasa mmoja haupo. Mwisho wake unaujua kabla hujafungua: watapatana. Wahakiki wengi wanakiona hicho kuwa ni udhaifu. Mimi nasema msomaji anayeujua mwisho anasoma njia. Mmarekani Janice Radway, katika utafiti wake uliotoka mwaka 1984, aliwasikiliza wanawake wasomaji wa riwaya hizi, akaona kwamba kitendo chenyewe cha kukaa na kitabu kilikuwa ni kuinyima familia saa moja na kujipa wao, ingawa hadithi yenyewe ilikuwa ikiwarudisha kulekule walikotoka. Sentensi hiyo ina makali pande zote mbili, nami naikubali pande zote mbili. Shujaa wa vitabu hivi karibu kila mara ana fedha, na mapenzi yanalipa kama bahati nasibu. Raha nimeipata, lakini bei nimeiona.

Na hizi zetu za magazetini je? Eric Shigongo aliwafanya watu wasubiri gazeti kwa ajili ya hadithi, jambo ambalo maprofesa wachache wameliweza. Lakini hebu tusome jina tu la hadithi yake moja mashuhuri, Rais Anampenda Mke Wangu. Kuna rais anayependa na mume anayesema "wangu". Mwanamke ni kitu kinachogombewa, na sarufi yenyewe imemweka kwenye nafasi ya shamirisho. Ustadi wa kumkatisha msomaji pumzi upo. Ninachodai ni mwanamke naye awe kiima siku moja, apende yeye.

Mtaniuliza, basi kuna hasara gani tukiendelea kuzidharau? Hasara ipo, tena ya kushikika. Nchini kwetu kitabu kinachochapwa upya ni kile ambacho shule itakinunua. Rosa Mistika, Kiu na Vuta N'kuvute zimerudi madukani kwa kuwa kuna mtaala, na mtaala unasikiliza wahakiki. Riwaya za mapenzi za miaka ya 1980, mathalani Mpenzi ya Kajubi Mukajanga, hazikupata mlezi wa namna hiyo. Ukiitaka, unamtafuta mwenye nakala iliyogandishwa kwa gundi, unambembeleza, anakupa siku mbili. Kila tunapoandika "ni pendwa tu" tunasaini cheti cha kifo cha kitabu ambacho baba na mama zetu walikisoma wakiwa wachumba. Baada ya miaka 20 mwanafunzi atakayetaka kujua kizazi kile kilipendanaje hatakuwa na pa kuanzia, isipokuwa sisi na nukta zetu kumi.

Sisemi kila riwaya ya mapenzi ni nzuri. Nyingi ni mbovu: wahusika wa karatasi, machozi ya kununua, uchapaji unaokera macho. Lakini ubovu huo uthibitishwe kwa kusomwa, kama tunavyofanya kwa riwaya za kisiasa, ambazo nazo zimo mbovu tele na bado tunazipa mihadhara. Tuulize maswali ya fani: mapenzi yanazaliwaje katika mazungumzo ya wahusika? Nani anatazama na nani anatazamwa? Kikwazo ni cha kweli au kimepachikwa? Mwanamke anachagua nini, na mwandishi anamtoza nini kwa kuchagua kwake?

Kwa kipimo hicho, Yasmin kwangu yuko mbele, Bahati anamfuatia, Dania na Gaddi wako nyuma yao kidogo. Rosa nampenda kuliko wote, ila sitaki mdogo wangu aamini kwamba hiyo ndiyo njia pekee. Asiyekubaliana na mpangilio huu aandike, maana kurasa za toleo lijalo zipo wazi. Ila kwanza asome kitabu chenyewe, asije na mwongozo wa mtihani.