Mahali pa Tukio katika Riwaya ya Upelelezi ya Kiswahili

Waliohakiki riwaya ya upelelezi ya Kiswahili wamezoea kumtazama mpelelezi: akili zake, kiko chake, mwenzake anayemshangaa. Katika makala haya tunapenda kumweka mpelelezi kando kidogo na kutazama mahali anaposimama, yaani mahali pa tukio. Tunauliza: je, riwaya hizo hupafanya mahali hapo kuwa shahidi, au hupafanya kuwa pazia tu nyuma ya mazungumzo? Swali hili si la fasihi peke yake. Lugha ya riwaya hizo ndiyo lugha ambayo mashahidi wengi wa Lubumbashi, Kindu na Bukavu huitumia kueleza waliyoyaona, kabla maneno yao hayajaandikwa kwa Kifaransa katika hati ya mashtaka.

Kwanza tukumbuke sayansi ya uchunguzi wa jinai inadai nini. Mwaka 1910 Mfaransa Edmond Locard alifungua maabara ya polisi katika jiji la Lyon. Fundisho linalohusishwa na jina lake ni jepesi kulisema na gumu kulitekeleza: kila mguso huacha alama. Anayeingia mahali huleta kitu, na anayetoka huondoka na kitu. Kutokana na fundisho hilo zinatoka kanuni za kazi. Mahali pazungushiwe kamba, na watu wasikanyage ovyo. Kila kitu kichorwe na kupigwa picha kabla ya kuguswa. Kila kielelezo kifungwe peke yake na kuandikwa jina la aliyekiokota, saa, na kila mkono uliokipokea baadaye. Mnyororo huo ukikatika pamoja, wakili wa utetezi ana haki ya kuuliza kama kisu kilicholetwa mahakamani ni kile kile kilichookotwa.

Kesi moja ya zamani yatosha kuonyesha thamani ya kanuni hizo. Mwaka 1892, katika mji wa Necochea nchini Argentina, watoto wawili waliuawa. Mama yao, Francisca Rojas, alimtaja mwanamume mmoja kuwa muuaji. Mwanamume huyo alibanwa kwa ukali, hakukiri. Ndipo Inspekta Eduardo Alvarez alipopachunguza tena mahali pa tukio na kuona alama ya kidole yenye damu mlangoni. Kwa mbinu aliyoifundisha Juan Vucetich, alama hiyo ililinganishwa na vidole vya mama, ikalingana, naye akakiri. Maneno ya mtu yalikuwa yameelekea upande mmoja; mlango ulielekea upande mwingine.

Sasa tumrudie Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya 1957-58 na kuchapishwa kuwa kitabu mwaka 1960. Ndani yake tunakutana kwa mara ya kwanza na Bwana Msa, mpelelezi aliyeigwa kwa kiasi fulani kutoka kwa Sherlock Holmes wa Conan Doyle. Bwana Ali amekutwa amekufa kwenye mzimu, na wapo walio tayari kuamini kwamba wakazi wa mzimu wenyewe wamefanya kazi hiyo. Bwana Msa hakubali. Sifa kubwa ya mwandishi iko hapo: amepageuza mahali pa uganga kuwa mahali pa uchunguzi. Kifo kina sababu, na sababu hiyo ni mtu. Mwaka 1968, katika Kisima cha Giningi, aliirudia njia hiyo hiyo ya kuweka jina la mahali pa mashetani kwenye jalada, kisha akili ya binadamu ndani ya kurasa.

Twaweza hata kusema kwamba mzimu unafaa sana kuwa mahali pa tukio. Hofu ya watu ni kamba iliyokwisha kufungwa: hapakanyagwi ovyo, hapaguswi kitu. Tena Abdulla mwenyewe, kabla ya kuwa mwandishi wa magazeti, alifanya kazi ya ukaguzi katika idara ya afya. Alikuwa mtu aliyelipwa kutazama mahali. Kwa hiyo tungetarajia kwamba mahali pangepewa nafasi kubwa kuliko watu.

Maoni yetu ni kwamba haikuwa hivyo. Nguvu ya riwaya za Bwana Msa iko katika mazungumzo: nasaba zilizofichwa, siri za ndoa na urithi, neno moja lililomponyoka mtu barazani. Bwana Msa hutazama, ni kweli, lakini zaidi husikiliza. Mwishoni fumbo hufumbuliwa kwa maelezo yake marefu mbele ya wasikilizaji, na mahali pa tukio pamekwisha kuachwa nyuma. Hata katika Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, ya mwaka 1965, ambamo mpelelezi ni afisa wa polisi na mandhari ni ya mjini, jina lenyewe la kitabu ni la sauti inayosemeshana.

Mtu atatujibu kwamba riwaya si kitabu cha mafunzo ya polisi, na kwamba msomaji hapendi kusoma orodha ya vielelezo. Jibu hilo tunalikubali. Mwandishi amechagua mazungumzo kwa sababu jamii anayoieleza huishi kwa mazungumzo. Lakini uchaguzi huo una gharama. Msomaji huzoea kuamini kwamba ukweli hupatikana pale mtu anapokubali kusema, na mazoea hayo yakiingia katika chumba cha mahojiano, anayeteseka ni mtuhumiwa. Wahenga wetu wametuachia njia mbili. “Lisemwalo lipo” ni njia ya uvumi; “dalili ya mvua ni mawingu” ni njia ya alama. Riwaya zimeifuata ya kwanza zaidi ya ya pili.

Msamiati nao unaonyesha hali hiyo. Neno “ushahidi” limetokana na “shahidi”, ambaye ni mtu mwenye macho na kinywa. Tunapoita damu au unyayo “ushahidi”, tunaazima neno la binadamu kukipa kitu. Maneno “kielelezo” na “kidhibiti” yapo na yanatumika Afrika Mashariki, lakini kwetu ni wanafunzi wachache wanaoyatambua.

Hata hivyo Kiswahili si maskini katika kueleza mahali. Tutazame ngeli zake tatu: “palikuwa na damu”, “kulikuwa na damu”, “mlikuwa na damu”. Ya kwanza inaonyesha mahali maalumu, ya pili eneo lisilo na mpaka, ya tatu ndani. Hapa Lubumbashi shahidi asemaye “mu nyumba” hasemi sawa na asemaye “ku nyumba”. Kifaransa kinaweza kueleza tofauti hizo, lakini kwa kuongeza maneno ambayo mwandishi mwenye haraka huyaacha. Kuna na hatari ya upande wa pili. Shahidi akisema “alitoka mbio”, Kiswahili hakikusema kama ni mwanamume au mwanamke. Kifaransa kinamlazimisha mwandishi kuchagua. Akichagua bila kuuliza, ameongeza mahali pa tukio mtu ambaye shahidi hakumtaja. Huko nako ni kukanyaga alama.

Ndiyo maana tunaona uhakiki wa riwaya hizi una kazi zaidi ya kumsifu Bwana Msa. Tunapendekeza zisomwe pamoja na wanafunzi wa sheria, sura kwa sura, kwa kuuliza: ni nini kilionekana, ni nini kilisemwa tu, na ni nani aliyekiandika? Anayezoea kutenganisha mambo hayo matatu katika hadithi atayatenganisha pia siku atakapoketi kuandika maneno ya mtu aliyefungwa pingu.