Santuri Mpya ya Wanamuziki wa Zamani

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Na wahenga hao hao wakasema ya kale ni dhahabu. Santuri mpya ya wanamuziki wa zamani husikilizwa katikati ya semi hizi mbili, na aghalabu huonewa: wakirudia ya jana huambiwa wamechoka, wakibadili huambiwa wamepotea.

Nakiri kuwa nami niliionea santuri ya Yo La Tengo iitwayo This Stupid World, yaani dunia hii pumbavu, iliyotolewa mwaka wa 2023. Bendi hii ya muziki wa roki ilianza mwaka wa 1984 katika mji wa Hoboken, Marekani, unaotazamana na New York ng'ambo ya mto Hudson. Ira Kaplan hupiga gitaa. Mkewe, Georgia Hubley, hupiga ngoma. James McNew, aliyejiunga nao mwanzoni mwa miaka ya 1990, hupiga gitaa la besi. Wote watatu huimba. Jina lao ni la Kihispania, na maana yake ni "ninao": ndivyo alivyopaza sauti mchezaji mmoja wa besiboli, mpira ukiwa angani, ili mwenzake asije akamgonga.

Wimbo wa kwanza, Sinatra Drive Breakdown, unapita dakika saba. Ngoma na besi hushika mwendo mmoja, wala haziuachi. Juu yake gitaa la Kaplan hukwaruza, hulia, huyumba, hupasuka. Siku ya kwanza niliudhika. Niliona mzee wa miaka 66 akichezea kelele kama kijana. Siku ya tatu nikaacha kulifuata gitaa, nikawafuata wale wawili. Hapo ndipo nilipofahamu. Gitaa lathubutu kupotea kwa kuwa wenzake hawaondoki mahali pao, na uthabiti wa namna hiyo haupatikani kwa mazoezi ya wiki mbili. Santuri hii waliitengeneza wenyewe, bila msimamizi kutoka nje, na kwa sehemu kubwa walipiga wote kwa pamoja. Kila mmoja anasikika akimsikiliza mwenzake.

Kasoro yake sitaificha. Katika wimbo uliobeba jina la santuri, mvumo wa magitaa umeyafunika maneno hata sikio linachoka kuyatafuta. Haya ni maneno ya watu waliokwisha kuziona nywele zao zikigeuka mvi; katika Until It Happens msikilizaji anaonywa ajiandae kwa kifo. Maneno mazito hivyo yalistahili nafasi zaidi.

Nafasi hiyo Hubley ameipata katika Aselestine. Sauti yake haina madoido. Huimba kama mtu anayezungumza chumbani usiku, asitake kuwaamsha waliolala. Basi, mwanafunzi, anza na wimbo huo. Kisha rudi kwenye ule wa kwanza, na uisikilize ngoma kabla ya gitaa.