Tairi Lipoe Kwanza

Lori likifika Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, saa nane mchana na saruji ya Hima mgongoni, matairi yake huwa na moto ambao kiganja hakivumilii. Limeshuka kutoka Kasese, likakata tambarare ya Hifadhi ya Queen Elizabeth juani, likapita Kikorongo na kuingia Bwera, zaidi ya kilomita 50 za lami iliyochemka. Dereva anashuka, anatupia jicho foleni ya kuelekea daraja la mto Lhubiriha, anaona ana muda. Anaita fundi: njoo upime upepo.

Fundi mmoja atapima papo hapo. Geji itasoma PSI 125 pale dereva alipozoea 110, naye atabonyeza valvu, upepo utoke ukilia mpaka afike 110, kisha atanyoosha mkono apewe chake. Fundi mwingine atainama, ataweka nyuma ya mkono karibu na ubavu wa tairi, halafu aseme, "Shefu, hili bado lina moto. Kanywe chai kwanza." Dereva atanuna. Pengine atamwendea yule wa kwanza, maana wako jirani. Ni huyu wa pili ninayetaka kumsifu, na najua kazi yake ni ngumu kuisifu, kwa kuwa sehemu kubwa yake ni kukataa kufanya kitu.

Upepo uliofungiwa ndani ya tairi hauna pa kwenda. Ukipata joto, msukumo wake hupanda. Tairi lililojazwa PSI 100 alfajiri, likiwa na nyuzi joto 20, litasoma karibu 115 likifikia nyuzi 60, na hakuna aliyeongeza chochote. Hizo 15 si za kupunguza. Aliyelitengeneza tairi alizitarajia, ndiyo maana kiwango alichoandika ubavuni ni cha tairi lililopoa. Ukizitoa mchana, usiku tairi litapoa na kubaki na 86 hivi. Kesho yake litaanza safari likiwa legevu, ubavu utapinda zaidi kila linapozunguka, na kupinda kutazaa joto na kuchosha waya za chuma zilizomo ndani ya mpira. Litakapopasuka huko mbele, dereva atalaumu jua. Atalaumu na Wachina, kama tairi ni la Kichina.

Baada ya chai huja maswali mawili: umebeba nini, na unaenda mpaka wapi? Mtu asiyejua hudhani ni maongezi ya kupitisha muda. Fundi anapiga hesabu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani, ambayo ina matairi mawili tu. Kila moja linabeba tani 4. Sasa soma ubavu wa tairi la 315/80 R22.5, ambalo malori mengi ya njia hii yanalivaa: mara nyingi utakuta namba 156/150. Ya kwanza maana yake kilo 4,000 likiwa peke yake, ya pili kilo 3,350 likiwa pacha na jingine. Basi tairi la mbele la lori lililojaa limefika ukingoni kabisa, halina akiba, na linadai upepo wake wote, zaidi ya PSI 120. Nyuma, ekseli yenye matairi manne inaruhusiwa tani 10. Kila tairi linabeba kilo 2,500, na kwa hesabu za watengenezaji hata chini ya 100 ingetosha. Lakini madereva wengi hutaka namba moja kuzunguka gari zima, na wakiamua kuzidisha, huzidisha nyuma, kwa sababu huko ndiko wanakouona mzigo. Fundi anayejua huanzia mbele.

Kwenye matairi pacha ndipo subira yake inapoonekana. La nje linafikika. La ndani limejificha, valvu yake inatazama gizani, na mkono ukipita pale hutoka na grisi na mikwaruzo. Kwa hiyo la ndani husahauliwa. Likipungukiwa, mwenzake hubeba uzito wa wawili, na kwa nje lori linaonekana zima. Wako mafundi wanaopiga tairi kwa nyundo au spana na kusikiliza mlio, na watazamaji hupenda sana kusimulia sikio hilo. Mimi silisifu. Nyundo itakuambia tairi limekwisha upepo. Haitakuambia kama lina 80 au 100, na tofauti hiyo ndiyo inayoua tairi. Fundi ninayemsema hulala chali chini ya trela na geji mkononi, anapima la ndani kabla ya la nje, na anataka yote mawili yasome sawa.

Tena hutazama jua liko wapi. Mstari wa ikweta unapita humu humu wilayani Kasese, na lori lililoegeshwa asubuhi huchomwa ubavu mmoja huku wa pili ukiwa kivulini. Geji itaonyesha upande wa jua umezidi, na fundi mwepesi wa mkono atausawazisha, kisha jua ligeuke na kumuumbua.

Jambo hili hili huwakosesha usingizi watu wa mbali sana, wale wa mashindano ya "drag", ya kukimbiza gari kwenye mstari mnyoofu, huko Marekani. Magari yao yenye kasi kuliko yote hufunga nyuma matairi ya kipara ya makusudi, mpira laini usio na jino hata moja, na huyajaza PSI 6 au 7 tu. Gari linaporuka kutoka mstarini, ubavu wa tairi hujikunja makunyanzi na bapa la mpira lililolala barabarani hurefuka. Huko kurefuka ndiko kunakoshika lami. Mafundi wao hubishana juu ya nusu PSI, na wapo wanaofunika matairi yasipigwe na jua upande mmoja. Ukileta lori kwenye mashindano hayo, namba hizo ndogo zinakufa: uzito utakaa juu ya rimu, ubavu utakatika. Lazima uongeze upepo, na kila PSI unayoongeza inakula sehemu ya bapa lako. Aliyezoea tani nane za Bwera angeuelewa ugomvi huo bila mkalimani.

Ila kipara cha Bwera hakikukusudiwa. Mvua ya Rwenzori ikishuka, tairi lililoisha meno halina pa kupitishia maji, likaelea. Kuna madereva wanaoomba lipunguzwe upepo ili "lishike". Hapo fundi mzuri hukataa, kwa kuwa atakuwa ameongeza joto kwenye mpira ambao tayari umekonda.

Kupunguza upepo kuna mahali pake. Miaka ambayo barabara ya kutoka Kasindi, ng'ambo ya mpaka, kwenda Beni ilikuwa udongo, tairi gumu lilichimba tope na kuzama. Tairi lililolegezwa kidogo lilitandaza uzito likapita juu. Jeshi la Marekani liliijua siri hiyo kwenye Vita Kuu ya Pili, likatumia DUKW, gari la majini na nchi kavu ambalo dereva wake alibadilisha upepo wa matairi akiwa amekaa kwenye kiti. Fundi wa Mpondwe hana kifaa hicho. Ana mpira mrefu unaochomekwa kwenye mfumo wa hewa wa breki za lori lenyewe, na ana sharti: ukilegeza, tembea polepole, na tope likiisha jaza tena kabla hujakanyaga mafuta. Juni 2021 Marais Museveni na Tshisekedi walizindua hapo hapo mpakani ujenzi wa barabara za kwenda Beni na Butembo. Kadiri lami inavyosonga, ndivyo malori yanavyokimbia zaidi, na maombi kwa fundi yanageuka: jana alilegeza kwa ajili ya tope, leo anakaza kwa ajili ya mwendo. Na kwa kuwa Uganda wanaendesha kushoto na Kongo kulia, upande wa lori unaoinamia bega la barabara hubadilika mara tu linapovuka, na pamoja nao matairi yanayoelemewa kidogo zaidi.

Kuna na la kutisha. Malori ya zamani yana rimu za pete, na pete isiyokaa vizuri huruka wakati wa kujaza kwa nguvu ya kumuua mtu. Tairi lililotembea muda mrefu bila upepo wa kutosha nalo linaweza kuchanika ubavuni ghafla likijazwa upya. Kwa hiyo fundi huyu hulivua kwanza akapapasa ndani kutafuta waya zilizokatika, hufunga minyororo kuzunguka rimu, huchomeka mpira wa kompresa na kusimama pembeni, kamwe si mbele ya tairi. Wanaomharakisha huwa wamesimama mbele.

Akimaliza hurudisha vifuniko vya valvu, kazi ambayo wengi huiruka. Cha plastiki huzuia vumbi tu. Cha chuma chenye mpira ndani hushika upepo hata valvu ikianza kuvuja. Vya chuma anavyo kwenye kopo la maziwa ya unga. Dereva akisema vyake vimeibwa Kasese, atamfungia vipya bila kubishana, kisha ataviandika kwenye bili.