"Nguvu" au "Mshiko" wa Nanga?

Istilahi "nguvu ya nanga" haifai katika miongozo ya mashua ndogo za matembezi. Nguvu ni sifa ya chuma. Kinachopimwa ni jinsi nanga inavyoishika sakafu ya bahari. Nahodha hutoa mnyororo mara tano ya kina, kuanzia omoni, hurudi nyuma kwa injini polepole, kisha hutazama ubavuni alama mbili za pwani zilizopangana. Mnyororo umekaza, nazo zazidi kuachana? Nanga haikushika. Nanga hiyo hiyo yaweza kushika mchangani ikashindwa katika tope laini, na chuma ni kile kile. Twapendekeza "mshiko wa nanga". Tusipotenganisha maana hizi, msomaji atalala akitegemea chuma, chombo kikienda mwambani.