Shoka la Marungu
Pongezi kwa wapasua kuni wa Marungu, kwenye nyika kavu ya Voi. Wanaujua kila mti. Mgunga ni mgumu, kaa lake hudumu, lakini hupasuliwa kwa kufuata nyufa za kichwani mwa gogo. Likigoma, hutiwa kabari. Mbambara ni laini na hauna moto wa maana. Kata fito zake, zisimike, nazo huchipua ziwe ua. Mpini wa shoka? Mkole, mti mshupavu. Nawasifu zaidi wanaopogoa matawi na kuliacha shina, maana nyika hii, sehemu yake ikiwa katika mradi wa Kasigau wa kulinda miti ili kupunguza hewa ukaa, huchelewa kuota. Mwenye msumeno wa mota, anayekata shina zima, simpongezi.